UZI: Unakwenda India kikazi kwa mara ya kwanza? Sahani na ibada, yanayowachanganya wageni

Mzee wa Thali (mleta uzi)

Wadau, kila msimu wa kozi na mikutano swali ni lilelile: "India nitakula nini?" Mimi naona swali limeanzia mwishoni. Kule chakula kimekaa ndani ya dini ya mwenye jiko. Ukishajua jiko ni la nani, utajua kilichomo, kisichoruhusiwa kuingia, na kwa nini mhudumu kakukodolea macho ulipomwagiza mayai ya kukaanga.

Anza na pakiti. Kila chakula kilichofungashwa kina alama ndogo. Mraba wa kijani wenye duara la kijani ndani: hakuna nyama, samaki wala yai. Mraba wa kahawia wenye pembetatu: kuna kitu cha mnyama. Zamani ya kahawia nayo ilikuwa duara, ikabadilishwa ili mtu asiyetofautisha rangi aweze kuisoma kwa umbo. Kuna mambo mawili hapo ambayo watu huyakosea. La kwanza, yai limehesabiwa upande wa nyama, lakini maziwa, samli na asali viko upande wa kijani. Keki yenye pembetatu ya kahawia mara nyingi kosa lake ni yai tu. La pili, alama hiyo haisemi chochote kuhusu pombe. Kitu kinaweza kuwa cha kijani na kikawa na kileo.

Kibao cha "Pure Veg" mlangoni maana yake hata yai halivuki kizingiti. Usiingie na kuku wako wa kufungasha mkononi ukidhani utanunua soda tu ukae. Ukiona "Jain" kwenye menyu, yaani chakula cha dini ya Wajaini wasiotaka kuua hata mdudu, hapo wametoa pia vitunguu, vitunguu saumu, viazi, karoti, yaani kila kinachong'olewa ardhini, kwa sababu kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vidudu vilivyoushikilia. Chakula bado kina ladha. Kazi ya kitunguu hufanywa na mvuje na nyanya.

Halafu kuna kalenda. Mwenzako wa ofisini aliyekula kuku jana anaweza kumkataa leo kwa kuwa ni Jumanne, siku ambayo waumini wengi wa mungu Hanuman hawali nyama. Mwezi wa Shravan, unaoangukia kati ya Julai na Agosti, na siku tisa za sikukuu ya Navaratri, meza nzima inaweza kugeuka. Ukitaka kumwalika mtu chakula, muulize kwanza siku gani anakula nyama. Si swali la aibu huko.

Fundi Mitambo

Mkuu, asante. Kozi ni ya wiki nane, Bengaluru. Naomba kujua habari ya halali, na hiyo "mutton" ni nyama ya nini hasa?

Kibla Magharibi

Fundi, "mutton" ya India kwa kawaida ni mbuzi. Kondoo yupo, ila neno likitajwa mgahawani fikiria mbuzi kwanza. Ng'ombe ni habari nyingine: majimbo mengi yamepiga marufuku kumchinja, na kwenye baadhi ya majimbo hata kukutwa na nyama yake ni kesi. Kerala, Goa na Bengali Magharibi ni miongoni mwa mahali inapopatikana. Kwingine ukiona "buff", hiyo ni nyati wa kufugwa. Karnataka unakokwenda sheria ni kali, kwa hiyo usiulizeulize ng'ombe kwa wenzako ukadhani unafanya mzaha.

Sasa halali. Wachinjaji Waislamu ni wengi na migahawa mingi huweka kibao. Lakini usiseme "kila kuku wa India ni halali". Kuna nyama inayoitwa jhatka: mnyama hukatwa kichwa kwa pigo moja. Kalasinga aliyeshika dini yake haruhusiwi kula nyama iliyochinjwa kwa taratibu za Kiislamu, kwa hiyo kwenye migahawa ya Kipunjabi, hasa kaskazini, uliza neno kwa neno: "halal ya jhatka?" Hilo "ya" la Kihindi maana yake ni "au". Watakujibu bila kinyongo, swali hilo wanalisikia kila siku. Na pasipojibika, upande wa majani unakutosha; hakuna nchi ambayo asiyekula nyama anakula vizuri kuliko hiyo.

Kwenye ndege angalia msimbo wa chakula, agiza walau saa 24 kabla. MOML ni ya Kiislamu. AVML ni ya majani yenye viungo. Wengi hukosea HNML: jina lake ni mlo wa Kihindu, wakadhani ni majani matupu. Hapana, huja na nyama, ila si ng'ombe.

Bi Hiliki

Mimi naongeza majina, maana ndiyo yanayotudanganya sisi Waswahili. Maneno yamevuka bahari, vyungu vikabaki.

Ukiagiza chapati utaletewa mkate mkavu, mwembamba, hauna tone la mafuta. Ile yetu ya kukunjwa na kupakwa mafuta, kule jamaa yake ni paratha. Kachori ya kwetu ni viazi vilivyopondwa na kuviringwa. Ya kwao ni donge la unga wa ngano lililojazwa dengu au choroko na kukaangwa hadi likavimba. Biriani ya Hyderabad haina mchuzi wa pembeni kama wa pwani. Nyama mbichi iliyolala kwenye mtindi na viungo huwekwa chini, wali ulioiva nusu juu yake, kifuniko kikazibwa kwa unga uliokandwa, moto mdogo. Kwa hiyo ukichota juujuu utakula wali mtupu na kulalamika. Tia kijiko wima hadi chini, ndipo nyama ilipo. Achari nayo si ya kulamba: imejaa chumvi, pilipili na mafuta ya haradali, na kiasi chake ni ncha ya kidole kwa tonge.

Fundi, wewe unakwenda Karnataka, tafuta ragi mudde. Ni ugali wa ulezi, umefinyangwa donge duara la rangi ya udongo, unang'aa kwa maji. Hautafunwi. Unakata kipande kidogo kwa vidole, unachovya kwenye mchuzi mwepesi, unameza. Ukitafuna utagandia menoni na utajua mwenyewe.

Sahani ya thali inavyokwenda: vibakuli vimezunguka ukingo, wali au mikate katikati. Wahudumu hupita wakijaza bila kuulizwa. Usinyamaze ukidhani wataona umeshiba. Funika sahani kwa kiganja na useme "bas". Ndiyo, ni "basi" yetu hiyohiyo. Ukila kwenye jani la mgomba, ukimaliza likunje kuelekea kwako.

Mkono: kula kwa wa kulia, hilo tunalijua. Tusilolijua ni la upawa. Kwetu kushika upawa kwa kushoto ni utovu wa adabu. Kule, mkono wa kulia ukishagusa chakula na mdomo umekuwa "jutha", umeingia mate, na ukishika nao upawa wa wote umewachafulia wote. Kwa hiyo katikati ya mlo watu hupakua kwa kushoto. Chupa ya maji ya pamoja nayo hawaitii mdomoni, wanamimina kutoka juu. Kama huwezi, omba bilauri, usijaribu kwa mara ya kwanza ukiwa na shati jeupe.

Fundi Mitambo

Pilipili je? Na tumbo?

Nesi wa Zamu

Pilipili kwanza. Ukisema "less spicy" unampa mpishi uhuru wa kupima kwa ulimi wake. Sema "mirchi kam", pilipili kidogo, au "bina mirchi", bila pilipili kabisa. Hicho ni Kihindi. Kusini watu wengi wa mahotelini wanakielewa. Ukiungua, maji hayasaidii, kwa sababu kinachowasha hakiyeyuki kwenye maji. Mtindi, maziwa au lassi (mtindi wa kunywa) ndiyo tiba: mafuta na protini ya maziwa hukizoa ulimini. Wali wa mtindi, curd rice, uliwekwa mwishoni mwa mlo wa kusini kwa akili.

Tumbo la wiki ya kwanza: watu hulaumu viungo, mara nyingi wanavionea. Wa kushukiwa ni maji, barafu, chatini mbichi iliyokaa nje, matunda yaliyomenywa barabarani, na kula chakula kizito saa nne usiku kisha kulala. Wenyeji wa kaskazini hula chakula cha usiku saa tatu hadi saa nne, na saa yao imeitangulia yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo mwili wako unadhani bado ni jioni. Ukila kama wao siku ya kwanza, hupati usingizi. Kula nusu.

Maji: chupa iwe na alama ya ISI, ile ya ubora ya India, na namba IS 14543, ambayo ndiyo ya maji ya kunywa ya kufungashwa. Mhudumu aifungue mbele yako. Sikiliza lile pete la plastiki linavyokatika. Piga mswaki kwa maji hayohayo. Kitu kilichokaangwa na kutolewa kwenye mafuta yanayochemka mbele yako ni salama kuliko saladi ya hoteli kubwa.

Ukiharisha, dawa ya duka lolote ni pakiti ya ORS. Hapa wengi hukosea: kule zipo pakiti kubwa za lita 1 na pakiti ndogo za mililita 200. Soma kabla ya kuchanganya. Ndogo ukiitia kwenye lita nzima umekunywa maji tu. Kubwa ukiitia kwenye glasi, chumvi inazidi na kuharisha kunaongezeka. Usipopata kabisa: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu. Damu kwenye choo, homa kali, au siku mbili bila nafuu, nenda hospitali. Usinunue antibayotiki kwa kukisia.

Mwenye tatizo la ngano: mvuje wa unga unaouzwa madukani mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano. Dengu "salama" inaweza kukuangusha hapo.

Mzee wa Thali

Nesi kamaliza. Niende kwenye ibada, na nianzie mahali ambapo jiko na sala ni kitu kimoja kabisa: gurdwara, nyumba ya ibada ya Makalasinga. Kila gurdwara ina langar, jiko la bure kwa mtu yeyote, dini yoyote. Utaratibu huu umetokana na mwasisi wa dini yao, Guru Nanak mwenyewe (1469–1539). Hekalu la Dhahabu la Amritsar linapika mchana na usiku na kulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku. Aliyeko Delhi ana Bangla Sahib, karibu na Connaught Place. Bengaluru nako ipo, kando ya ziwa Ulsoor.

Hatua zenyewe. Sigara, tumbaku na pombe viache ulikolala. Hata pakiti iliyofungwa mfukoni ni kosa. Viatu unavikabidhi dirishani, unapewa kibati cha namba. Funika kichwa, mwanamume na mwanamke. Leso zipo kwenye kapu ukikosa, kofia ya besiboli haikubaliki. Nawa mikono, pitisha miguu kwenye mfereji wa maji mlangoni. Ukumbini usinyooshe miguu kuelekea kitabu chao kitakatifu wala usikipe mgongo ukiwa umekaa.

Kwenye langar unachukua sahani ya chuma, unakaa chini kwenye mstari. Hakuna kiti cha bosi. Mkurugenzi wako na dereva wake watakaa goti kwa goti. Mgawaji hupita haraka na ndoo ya dengu. Mkate haudondoshwi sahanini: unakinga viganja viwili kama unayepokea maji, nao unawekwa humo. Mgeni anayenyoosha mkono mmoja hurukwa, si kwa ubaya, mgawaji anasubiri ule wa pili. Pokea unachoweza kumaliza, kubakiza ni fedheha. Hakuna nyama humo, makusudi, ili kila mtu aweze kula. Ukimaliza peleka sahani mwenyewe, na kama una nusu saa, kaa uoshe za wenzako. Hakuna atakayekuuliza jina.

Ukitoka ukumbini utapewa karah prasad, halua ya unga wa ngano, samli na sukari kwa uzani sawa. Inateleza kwa samli. Viganja viwili tena.

Kibla Magharibi

Sisi Waislamu tunaotoka kwenye madhehebu ya Shafii tujipange. India wengi ni Hanafi. Alasiri yao huadhiniwa baadaye, kivuli kikifika mara mbili ya kitu, sisi ni mara moja. Programu ya simu ikiwa kwenye Shafii itakuambia wakati umeingia, ukienda msikitini unakuta pamelala. Sali ulipo, au wasubiri, wakati haujatoka. Alfajiri imamu hasomi kunuti. "Amina" husemwa kimoyomoyo. Ukiitoa kwa sauti ya msikiti wa kwetu, safu nzima itageuka. Ukifika Kerala utajisikia nyumbani, Waislamu wa huko wengi ni Shafii.

Kibla ni upande wa magharibi. Mazoea ya kuelekea kaskazini yaache uwanja wa ndege.

Kupunguza sala: kwa Shafii, ukinuia kukaa mji mmoja siku 4 kamili bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, unasali kamili tangu unapofika. Kozi ya wiki nane haina kasri, Fundi. Na Ijumaa inakuwajibikia, nayo India ni siku ya kazi. Mweleze mratibu wa kozi Jumatatu, umpe saa kamili ya hotuba na umbali wa msikiti. Ukimwambia Ijumaa saa sita mchana, umechelewa. Kina dada waulize kwanza, misikiti mingi haina sehemu yao.

Ramadhani: mwezi wao mara nyingi huandama siku moja baada ya Saudia. Unayesafiri katikati ya mfungo unafuata mji uliofika, hata funga zako zikipita 30.

Parokia ya Pili

Wakristo msidhani hamna mahali. Kanisa la Kerala linajihesabu tangu Mtume Tomaso, kwa mapokeo mwaka 52. Bengaluru kuna Basilika ya Mtakatifu Maria, Shivajinagar. Delhi kuna Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Misa za Kiingereza zipo, ila soma ratiba vizuri, maana kanisa moja husali kwa lugha kadhaa siku hiyohiyo na anayeingia saa isiyo yake atakaa kwenye Misa ya Kitamil mwanzo hadi mwisho. Makanisa mengi ya Kerala watu huvua viatu. Angalia mlangoni, viatu vikijipanga nawe vua.

Wasabato, Jumamosi kwa makampuni mengi ya kule ni siku ya kazi au nusu siku. Kabla ya kusaini ratiba, liseme.

Fundi Mitambo

Swali la mwisho kabla sijafunga begi. Kozi itaanguka Septemba hadi Oktoba. Nimeambiwa kuna siku wanafanyia ibada mashine?

Mzee wa Thali

Ayudha Puja, siku ya tisa ya Navaratri, na Karnataka wanaishika kwelikweli. Vyombo vya kazi vinashukuriwa: lathe, kompyuta, basi la kampuni, hata stepla. Karakana inasafishwa, mashine zinazimwa, zinapakwa manjano na unga mwekundu na kuvikwa maua. Malimau yanawekwa chini ya magurudumu na kukanyagwa, maboga makubwa yanapasuliwa mlangoni. Siku hiyo barabara huteleza, mwenye pikipiki aangalie. Usiguse wala kuwasha kifaa mpaka mwenyewe akuambie.

Watakuletea sinia lenye taa, alama ya paji la uso, kisha prasadi, chakula kilichotolewa kwa mungu wao, mkononi.

Kibla Magharibi

Hapo kwenye prasadi niseme wazi: Mwislamu asile, kimeshatolewa kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Wako wanaosema "ni halua tu". Si halua tu, na wanaoitoa ndio wa kwanza kukuambia si halua tu.

Parokia ya Pili

Shekhe, kwetu Paulo ameliacha kwenye dhamiri ya mtu, lakini naelewa.

Mzee wa Thali

Sibishani nanyi, mimi nasema namna ya kukataa. Unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa, sema dini yako ina mwiko. Yatosha. Watu wa kule wamelelewa kwenye miiko. "Dini yangu hairuhusu" ni jibu kamili na linaheshimiwa. Kinachoudhi ni "sipendi", au kupokea kisha kukitupa kwenye ndoo ya takataka wakikuona. Kusimama nyuma kwa adabu na kuwapongeza baadaye hakumkosei mtu. Boksi la pipi za maziwa analokupa mwenzako sikukuu ya Diwali mara nyingi ni la dukani tu, halikupita madhabahuni, uliza, atakuambia.

Hekaluni kwenyewe: viatu nje, zunguka ukifuata mwendo wa saa, pokea kwa kulia. Si yote yaliyo wazi: Jagannath la Puri na Padmanabhaswamy la Thiruvananthapuram wasio Wahindu hawaingii, na Meenakshi la Madurai simu hubaki nje. Usibishane na mlinzi.

Bi Hiliki

Nyongeza ndogo. Tambuu baada ya chakula: sema "meetha", tamu. Usiposema, unaweza kupewa yenye tumbaku na kizunguzungu kikakukuta ngazini. Sherehe ya Holi ikikukuta, kinywaji cha thandai uliza kama kina bhang, yaani bangi iliyosagwa. Kikiwa cheupe au cha kijani rangi haikupi jibu, uliza. Na keki ya Krismasi ya matunda mara nyingi matunda yamelala kwenye ramu wiki kadhaa.

Fundi Mitambo

Nyumba ya wageni wameandika "veg only". Siwezi hata kuchemsha yai chumbani?

Mzee wa Thali

Huwezi. Harufu itakusema kabla hujalimenya. Kula nje, nawa, rudi. Au omba kuhamishwa kabla ya kulipa amana, kwa maandishi.